Mutoto anayelia usiku haiko mulozi

Katika miji yetu ya migodi, tangu Likasi mpaka Kolwezi, nyumba nyingi zinalea mutoto asiyezaliwa pale. Baba yake alibaki mu shimo, mama yake alikufa ku kuzaa, ao vita ilitawanya jamaa. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka mu mugodi mumoja karibu na Kolwezi na kuua wachimbaji zaidi ya 30. Kila ajali ya namna ile inaacha watoto: wanaenda kwa baba mudogo, kwa nkambo, kwa jirani. Tunauliza kama wanakula, kama wanasoma. Hatuulize kama wanalala.

Na ni usiku ndipo shida inatokea. Mutoto aliyecheza vizuri muchana anapiga kelele, anatembea akiwa usingizini, ao anakojoa ku kitanda na miaka yake 8. Baba ametoka ku kazi ya usiku, anataka kulala. Nyumba ni vyumba 2. Kisha mutu mumoja anasema: "Huyu mutoto iko na kintu." Kutoka pale njia ni fupi: nyumba ya maombi, kufungwa, kunyimwa chakula, mwisho barabara. Mashege wengi tunaowaona ku soko walifukuzwa hivyo.

Waganga wa hospitali wanaijua hii maneno, na haina bulozi ndani. Mutoto anayepiga kelele masaa ya kwanza ya usiku, hamujue mutu, na asubuhi hakumbuke kitu, bado iko katikati ya kulala na kuamka. Musimutikise, musimupige, mumulinde asianguke, itapita kisha dakika chache. Ndoto mbaya, yenyewe inakuja zaidi karibu na mapambazuko, na mutoto anaikumbuka: huyu anahitaji kusikilizwa. Na mutoto aliyeacha kukojoa ku kitanda, kisha anaanza tena, mara nyingi iko na hofu. Haiko kichwa ngumu.

Mbele ya yote, apimwe ku kituo cha afya: homa ya malaria, minyoo, mukojo, kifafa cha usiku, na kukoroma kunakokata pumzi. Dawa ya kulalisha ya kununua ku farmasi bila munganga, kama diazepam, hapana. Inaweza kuzuia pumzi ya mutoto.

Nyumbani, dawa ni mazoea: saa moja ile ile ya kulala, nafasi ile ile, mutu mumoja wa kumulalisha, taa ndogo, simu na televizyo zimezimwa. Wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12. Na sisi watu wa migodi tuko na kazi moja zaidi. Mutoto ambaye baba yake alienda kazi na hakurudi anaogopa kila buti inayotoka ku mulango. Papa, usitoke kwa kujificha. Umuambie: naenda, nitarudi asubuhi. Na asubuhi umuonyeshe uso wako.

Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto iko wazi: kifungu cha 160 kinaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa anayeshitaki mutoto juu ya bulozi. Lakini sheria inaazibu, hailalishe mutoto. Jamaa inayopokea yatima inaachwa peke yake na usiku wake.

Feza iko. Tangu 2018, Sheria ya migodi inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na migodi. Inajenga masomo na visima, ni vizuri. Tuombe ku mikutano ya mitaa sehemu yake ilipe wafanyakazi wa Affaires Sociales watembelee hizi nyumba miezi ya kwanza, na munganga aliyejifunza magonjwa ya roho ya watoto. Ile haiko zawadi. Wababa wengi wa hawa watoto walikufa wakichimba yale mawe.