FAINI YA KIBAKA APEWE ALIYEKATWA PANGA!

Wanakijiwe, nisikilizeni. Usiku ule vibaka waliponikata panga begani, nilikimbilia hospitali ya serikali. Swali la kwanza halikuwa 'umeumia wapi?' Lilikuwa 'PF3 iko wapi?' Nikapanda teksi hadi polisi, damu inachuruzika. Afande akasema fomu zimekwisha, nikatoe fotokopi. Saa 4 usiku, fotokopi kwa nani?

Teksi nililipa mimi. Nyuzi, sindano na glovu nilinunua mimi. Siku za kazi zilizopotea ni zangu. Serikali ilinipa nini? Namba ya jalada!

Sasa jiulizeni: kibaka akikamatwa akatozwa faini, hela inakwenda wapi? Hazina! Mimi nimwage damu, serikali ivune. Wakubwa watasema mahakama inaweza kuamuru mhalifu alipe fidia. Sawa. Lakini kibaka asiye hata na godoro atalipa nini? Na asiyekamatwa je?

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya kina mama. Dada yako akibakwa Ijumaa saa 2 usiku, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima aianze kabla ya Jumatatu saa 2 usiku. Saa 72, basi! Na dawa hizo kwa miaka mingi zimetegemea fedha za wafadhili. Januari 2025 Rais Trump aliposimamisha misaada ya Marekani, tuliona wazi kwamba uhai wa dada zetu umewekwa rehani Washington. Huko ndiko kujitegemea?

Njia ipo. Marekani hiyo hiyo, tangu sheria yake ya mwaka 1984, inaweka faini za wahalifu wa makosa ya shirikisho katika mfuko wa waathirika. Kenya nayo iliandika mfuko wa waathirika katika sheria yake ya mwaka 2014. Sisi tunangoja nini? Mashangingi mapya kwanza?

Tunadai matatu. Faini za wahalifu zianzishe mfuko wa waathirika. Bajeti iuongezee fungu linalosomwa bungeni, kila mtu asikie. Na PF3 zitolewe hospitalini, bure, usiku na mchana.

Kijana, mgombea akija kijiweni na fulana na kofia, mwonyeshe kovu lako. Muulize: faini ya kibaka iko wapi? Akibabaika, mnyime kura!