Mnada umehamia kwenye skrini, uongozi wetu umebaki mizanini

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Chama chetu cha Msingi cha Ushirika wa Mazao.

YAH: MAANDALIZI YA VIONGOZI WA CHAMA CHETU

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wajumbe,

Nawaandikia nikiwa mwanachama mwenye hisa, mkulima wa korosho anayepeleka mazao yake kwenye ghala la chama kila msimu. Simtuhumu mtu wizi. Hesabu zetu zina wakaguzi wake, na kazi hiyo nawaachia wao. Ninalolalamikia ni jambo ambalo mkaguzi hana pa kuliandika katika taarifa yake: tumewakabidhi biashara kubwa, nanyi hamjajiandaa kuiendesha.

Biashara hii si ile waliyoikuta wazee wetu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, chama cha msingi kilibebeshwa kazi ya kukusanya, kupanga madaraja, kutunza, kusafirisha hadi ghala kuu na kuhakikisha kila mkulima analipwa stahili yake. Baadaye malipo yakahamia benki. Tangu msimu wa 2024/25 mnada wenyewe unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mambo yote hayo yamebadilika. Namna tunavyowapata viongozi na namna tunavyowaandaa haijabadilika hata kidogo: mtu anachaguliwa kwa kuwa anaheshimika kijijini, anakabidhiwa funguo na muhuri, basi.

Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, mafunzo. Msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika unahusu elimu, mafunzo na taarifa, nao unawataja bayana viongozi wa kuchaguliwa, mameneja na watumishi pamoja na wanachama. Nchi hii ina chuo cha ushirika mjini Moshi tangu mwaka 1963, ambacho leo ni chuo kikuu kamili. Hata hivyo, mafunzo kwenu yamekuwa semina ya siku moja: mnasaini mahudhurio, mnapokea posho, mnarudi na cheti cha kubandika ofisini. Sijapata kusikia mjumbe akisimama kwenye mkutano wetu na kusema, hili nimejifunza, na kuanzia msimu huu tutalifanya hivi. Wala sidai kwamba kiongozi lazima awe na shahada. Baadhi ya wenyeviti bora ninaowafahamu kusini hii waliishia darasa la saba, lakini walikuwa watu wa kuuliza, wakikaa na wahasibu hadi waelewe kila mstari wa mizania. Kiongozi wa aina hiyo hujijenga mwenyewe, na chama kina wajibu wa kumpa nafasi na fedha za kujijenga.

Pili, soko hamlisomi, na kwa hiyo hamwezi kutueleza. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Msimu wa 2017/18 kilo ya korosho ilipita shilingi 4,000 mnadani. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei za chini mno, wakulima wa Tandahimba na Newala wakazikataa, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakapewa kazi ya kuisomba. Nani aliketi na wanachama wa chama hiki, kabla au baada ya hapo, akawaeleza kwamba korosho yetu ghafi huenda zaidi Vietnam na India kubanguliwa? Kwamba wabanguaji hao hao hununua pia Afrika Magharibi, ambako mavuno huanza wakati sisi tunamalizia? Kwamba mnunuzi anayetoa bei Oktoba ameshapiga hesabu ya mzigo wote huo? Hakuna. Tulichosikia ofisini ni kwamba mambo yako juu, tusubiri.

Mtasema bei haipangwi na bodi. Ni kweli. Lakini tazameni yaliyo mikononi mwenu. Ukavu wa korosho kabla ya kupokelewa ni kazi ya karani mnayemsimamia ninyi. Kuchanganya daraja la kwanza na la pili ni uzembe unaofanyika mlangoni kwenu. Mzigo unapochelewa kupelekwa ghala kuu, unanyauka, kilo zinapungua, na upungufu huo unarudi kwa mkulima katika makato ambayo hayaelezwi. Mjengeko wa bei tunausikia kwa jina tu. Makato moja moja hatuyajui. Halafu mnashangaa vijana wanapouza usiku kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Kangomba ni haramu na siitetei, ila yule mnunuzi angalau anamwambia mtu papo hapo atapata kiasi gani.

Tatu, hamwandai mtu. Karani mmoja ndiye anayejua kuingiza taarifa kwenye mfumo. Akiugua, malipo yanasimama. Wanawake wanaobangua, wanaoanika na wanaochambua hawamo katika kamati zenu, na vijana wenye simu za kisasa na stadi za kuzitumia wanaitwa siku ya kubeba magunia.

Nne, na hili nalisema kwa heshima: swali linapoulizwa mkutanoni, mnaliona kama uasi. Mwanachama akidai kuona makisio anaambiwa ametumwa. Mwenyekiti, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya mwisho katika chama cha ushirika, na wewe umekalia kiti chake kwa muda. Kujifunza kusikiliza usilolipenda bila kupandisha sauti nako ni mafunzo ya uongozi, na hayahitaji nauli ya kwenda Moshi.

Historia ya zao hili haitupi ruhusa ya kuzembea. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Ubwiri unga ulichangia, wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao kulichangia, na bei mbovu vilevile. Katikati ya yote hayo, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Amri hiyo ilipata pa kushikia, kwa kuwa vyama vingi vilikuwa vimeshapoteza imani ya wanachama wao.

Ninaomba mambo matatu, na yote mnaweza kuyatekeleza bila kusubiri kibali cha mtu. Wekeni fungu la mafunzo ya viongozi katika makisio ya msimu ujao, na kila anayekwenda arudi kutoa taarifa mbele ya wanachama. Bandikeni ukutani mjengeko wa bei na makato yote kabla ya mnada wa kwanza. Teueni vijana wawili, angalau mmoja awe mwanamke, wajifunze kazi ya karani na ya meneja msimu mzima.

Naomba majibu yatolewe mbele ya mkutano mkuu na yaandikwe kwenye muhtasari.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama

Nakala: Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa.