Chonge za paka wa kale na chonge za mwanao

Mtoto akiona kwenye simu picha ya paka mwenye meno kama sime, atauliza: aliishi wapi, na aliwindaje? Mzazi, majibu yapo.

Mmoja wa paka hao kwa jina la kisayansi anaitwa Homotherium. Aliishi hapa hapa Afrika Mashariki. Mifupa yake imepatikana Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, na ina zaidi ya miaka milioni 1. Alikuwa na ukubwa wa simba, miguu mirefu ya mbele na mgongo ulioteremka nyuma kama wa fisi.

Chonge zake za juu zilikuwa ndefu, bapa, zenye kingo kama za msumeno. Zilikata nyama vizuri, lakini kama zingegonga mfupa huku mnyama akijirusharusha, zingeweza kuvunjika. Ndiyo maana wataalamu wanaona kuwa alimbana mnyama kwanza kwa miguu ya mbele, kisha akamkata koo. Simba wa leo yeye humkaba mnyama koo mpaka akose pumzi.

Mwaka 2024 wanasayansi wa Urusi walieleza habari za mtoto wa paka huyo aliyekutwa kwenye barafu huko Yakutia, bado ana ngozi na manyoya baada ya zaidi ya miaka 35,000. Umri wake waliujuaje? Walitazama meno ya mbele. Yalikuwa yamefikia hatua ya mtoto wa simba wa wiki 3 hivi. Meno huota kwa ratiba yake.

Mwanao naye ana ratiba. Chonge zake za utotoni hutoka akiwa na miezi 16 hadi 23 hivi, lakini kabla ya hapo zimo ndani ya ufizi, nao huweza kuonekana umevimba kidogo na kuwa mweupe. Sehemu nyingi za Tanzania uvimbe huo huitwa "meno ya plastiki". Mtoto akiharisha au akipata homa, jirani anaweza kukushauri umpeleke kwa mtu wa kuyang'oa.

Kinachong'olewa si plastiki wala mdudu. Ni jino changa. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, hata kufa. Jino la ukubwani nalo linaweza kuharibika. Na kuharisha hakuponi, kwa sababu kunaletwa na vijidudu vya tumboni, si ufizi.

Kwa hiyo, uwe Kanazi au Biharamulo, mtoto akiharisha endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na mpeleke zahanati akapimwe na kupewa zinki. Akilegea, akikataa kunyonya au macho yakiingia ndani, usingoje kesho.

Ufizi uache. Chonge itatoka kwa wakati wake.