Bosi Ledi Kupanda Basi Cape Town: Kosa Lake ni Kufuta Picha Tu

Ukiwasikiliza watu wa mitandaoni wiki hii utadhani kuna mtu kaiba. Kumbe ni mwigizaji mmoja wa tamthilia, yule ambaye kila akitokea kwenye runinga ni mke wa tajiri mwenye ghorofa na dereva, kaonekana Cape Town, Sauzi, kakaa kwenye siti ya basi la abiria na kadi ya nauli mkononi. Picha aliiposti mwenyewe. Haikupita saa mbili, komenti zikamvaa. "Bosi ledi kafulia." "Daladala zimeisha Mbagala mpaka uzifuate Sauzi?" Mwingine akachimbua picha ya jana yake, akaonyesha kwamba nyuma ya bidada kuna vitanda vya juu na chini, yaani ni hosteli ya kuchangia chumba. Kufika jioni picha zote mbili zilikuwa zimefutwa na ikapandishwa moja ya machweo, bila maelezo.

Kupanda basi hakukuwa aibu. Kufuta ndiko kulikoharibu.

Wanaomcheka wengi hawaijui Cape Town ilivyo. Ule ni mji uliobanwa kati ya mlima na bahari, na vitu viwili hivyo ndivyo vinavyowapeleka watu kule. Vyote viwili ni bure. Table Mountain ina urefu wa mita 1,085 hivi. Kwa mtu wa nchi yenye Kilimanjaro ya mita 5,895 hicho ni kilima, lakini kinasimama juu ya mji kama ukuta, ukitoka dukani unakiona, ukiingia mtaa wa pili bado kinakutazama. Kupanda kwa miguu kwa njia ya Platteklip Gorge hulipi kiingilio. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, saa mbili au tatu za kutoa jasho. Fukwe za Clifton na Camps Bay, zile zenye majumba ya matajiri kwa nyuma, nazo hazina geti. Tena maji ya upande ule wa Atlantiki ni ya baridi kiasi kwamba bilionea na kapuku wote wanaingia wakipiga kelele ileile.

Kinacholipiwa kwa hela ndefu ni kitanda na dirisha. Muulizeni msanii mmoja wa Bongo Fleva aliyekwenda kule Desemba iliyopita na timu ya watu wanne. Desemba ndiyo kilele cha msimu, watu wa Sauzi wenyewe wako likizo na Wazungu wanakimbia baridi ya kwao, vyumba vinapanda bei. Jamaa akachukua hoteli ya kuangalia bahari. Siku nne. Kiangazi cha kule kina upepo mkali wa kusini-mashariki, na ukianza, wingu jeupe linatandazwa juu ya mlima kama kitambaa cha meza, na kebo inayopandisha watu kileleni inasimamishwa. Ipo tangu 1929, lakini upepo haijaushinda. Hakupanda. Ndiyo maana picha zake zote ni za bwawa la kuogelea la hotelini, ambazo angeweza kupigia Masaki. Wapambe wanasema mpiga video wake hajamaliziwa hela yake mpaka leo. Hiyo imeachwa ipite kimya. Hakuna aliyemuita mshamba.

Sasa mdada wa watu alikwenda Juni na mdogo wake, siku nane. Juni kule ni baridi na mvua, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mwenye ndoto za kulala ufukweni asijisumbue. Lakini bei za malazi zimeshuka, na ikitokea siku kavu, anga inakuwa safi ajabu. Viza Mtanzania haombi kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka. Nauli ya ndege ndiyo inayokula bajeti, na kwa hesabu yoyote ya akili ukishailipa hiyo unapaswa kubana kwingine ili ukae siku nyingi. Ndicho alichofanya.

Basi lenyewe, MyCiTi, halina kupigana vikumbo wala konda wa kukupigia kelele. Unagonga kadi mlangoni, unakaa, linakupeleka Sea Point, Camps Bay mpaka Hout Bay. Kuna na treni ya kusini inayopita pembeni kabisa mwa bahari hadi Simon's Town, kwenye pengwini. Eneo la hifadhi wanatoza kiingilio, ila kuna njia ya mbao nje ya uzio ambapo ndege hao unawaona bila kutoa senti. Chakula? Kuna kitu wanaita Gatsby, mkate mrefu uliojazwa chipsi na nyama, unakatwa vipande vinne. Mtu na mdogo wake wanakula mchana na kinabaki cha usiku. Waliokulia kwenye chipsi mayai hawahitaji maelezo zaidi.

Kubana hela nako kuna mipaka, na hapa ndipo mjanja anajulikana. Katikati ya mji giza likiingia usitembee kwa miguu ukiokoa nauli, ita teksi ya mtandaoni. Mlimani usipande peke yako na simu juu juu, watu wameporwa. Na kama kuna tiketi moja ya kukata basi ni ya boti ya Robben Island, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27 yake. Bidada huyo tiketi hiyo aliikata. Picha yake ya kule ilipata "like" chache kuliko zote.

Alipokosea kweli, hakuna aliyemsema. Kule Bo-Kaap, kwenye zile nyumba za rangi kali, alikaa kwenye ngazi za mlango wa watu na kubadilisha nguo tatu kwa ajili ya picha. Ule ni mtaa wa Waislamu ambao wazee wao wengi waliletwa Cape kama watumwa, msikiti wao wa Auwal ni wa 1794, na wenyeji wamelalamika mara nyingi kugeuzwa mapambo ya wapita njia. Hilo lilistahili komenti. Lakini pale zilijaa "umependeza mama".

Na kicheko hiki kina bei yake, maana wanaoilipa siyo mastaa peke yao. Msichana anayeuza vipodozi Kariakoo, mwenye akiba ya mwaka mzima, anasoma komenti zile anajifunza kwamba kama huwezi hoteli ya kuangalia bahari usiende. Akikataa kubaki nyumbani, anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu ili picha zitoke vizuri. Siku nne za kujimwambafai, miezi minane ya kukwepa simu. Staa akifuta picha ya basi anakuwa amewaunga mkono wanaomcheka. Yeye mwenye jina kubwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuandika chini yake, "Ndiyo, hosteli, na mmeona siku zangu nane?" Wangebweka siku mbili wakahamia kwa mwingine.

Hata hivyo kuifuta hakujasaidia chochote, watu walishaipiga skrinishoti na inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa imefifia. Yeye anayo ile safi, airudishe. Ukiacha kuitazama kadi ya nauli utaona kwamba nyuma ya kichwa chake, kwenye dirisha la basi, mlima umetokea wote, hauna hata wingu moja.