Usiniambie "Si Kila Mtu Ako Hivyo?"

Wasee, kuna sentensi moja imenichosha. Ukisema una ADHD, mtu anakuangalia juu mpaka chini, anacheka: "Si kila mtu ako hivyo kidogo? Hata mimi husahau funguo."

Sawa. Kila mtu hukojoa pia. Ukikojoa mara arobaini kwa siku, utaenda hospitali.

Mwaka wa pili chuoni sikusajili uniti zangu. Si ati sikujua. Nilikuwa nimejiandikia kwa kalamu, kwa mkono, herufi kubwa. Siku ya mwisho nikaketi kwa kompyuta jioni, nikafungua kitu kimoja kuhusu injini za treni, nikainua kichwa saa saba usiku. Mfumo ulifungwa saa sita. Kesho yake ofisini, mama wa pale hata hakuniangalia: "Na wenzako walisajili vipi?"

Nikapoteza muhula, nikapoteza na mwingine, nikaacha. Karo ile mamangu aliikopa kwa chama, na aliendelea kuilipa nikiwa nyumbani namwangalia. Kwa hivyo usifikirie naona hii kitu ni ya mzaha.

Ripoti zangu zote tangu praimari ziliandikwa "ana uwezo lakini hana bidii". Waliipima na nini hiyo bidii? Kiboko? Watu wakisikia ADHD wanaona kijana anayeruka juu ya madawati. Mimi nilikuwa msichana mtulivu, dawati la nyuma, macho dirishani. Aina hiyo haisumbui darasa, so hakuna mtu huitafuta. Niliambiwa na daktari nikiwa na miaka 21. Nyumbani nilikuwa nimeshaombewa mara mbili.

Halafu kuna wale wa "hayo ni mambo ya wazungu". Buda, soma Katiba ya 2010. Ibara ya 260 inapoeleza ulemavu inataja pia hali za akili na za kisaikolojia, zenye athari kubwa au za muda mrefu kwa shughuli za kila siku. Ibara ya 54 inasema watu hao watendewe kwa heshima. Hiyo ni sheria yetu, haikuja na ndege.

Leo ukimuuliza mtu wa kiti cha magurudumu "wenzako walipanda ngazi vipi?", watu watakurukia, na wako sawa. Mimi nikiulizwa hivyo, ninaambiwa ni nidhamu.

Na siombi alama za bure. Nina kengele saba kwa simu, nimebandika karatasi mpaka kwa mlango wa choo. Sehemu yangu nafanya. Lakini chuo chenye namba yangu ya simu, kinachokumbuka kunitumia meseji ya deni la karo, kinashindwa aje kunitumia meseji kwamba usajili unafungwa kesho?

Juzi mteja alinitumia maelezo ya video kwa sauti, dakika tisa. Nilisikiliza mara nne na sikushika kitu. Zamani ningenyamaza, nikosee, niitwe mzembe. Safari hii nikamwambia: tafadhali niandikie. Akalalamika kidogo, akaandika mistari minne. Kazi ilimfikia siku moja kabla ya wakati, na ameshanitumia nyingine. Ameiandika.