Hiyo Snokeli Yako Ni Pambo Tu!

Haya jamani, leo mniwie radhi. Siandiki kuhusu programu wala hifadhidata. Naandika kuhusu gari. Wale mnaosubiri sehemu ya pili ya somo la kutengeneza tovuti, vumilieni hadi wiki ijayo, maana nina hasira na hasira hizi lazima zitoke leo.

Mnalijua lile bomba refu jeusi linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa la gari la 4x4? Wenyewe huliita snokeli. Kazi yake ni kuiwezesha injini kuvuta hewa kutoka juu, mbali na maji na vumbi. Siku hizi ukipita Nairobi utaliona kila kona, hata kwenye magari ambayo tope lao kubwa ni lile la maegesho ya supamaketi. Na mimi nililifunga. Nililipa pesa nzuri, gereji nzuri, yenye kahawa na viti vya kungojea.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nikipeleka kompyuta 12 za shule moja, njia ya kutoka Isiolo kwenda Merti. Gari ni Land Cruiser kuukuu yenye injini ya 1HZ. Tukafika kwenye laga iliyokuwa na maji. Nilishuka, nikaivuka kwa miguu nikiwa na fimbo, kama nilivyofundishwa. Maji yalifika mapajani na hayakuwa na kasi. Nikajiambia, si nina snokeli? Nikaingia.

Nakiri niliingia kwa mwendo wa haraka kuliko ilivyofaa, wimbi likapanda mpaka kwenye boneti. Katikati ya laga injini ikakohoa ikazimika. Halafu nikafanya upumbavu ambao nitausimulia wajukuu: nikapiga stata. Kukatokea mlio mmoja kama nyundo kwenye reli. Basi.

Tulivutwa na lori lililobeba mbuzi. Kompyuta zilipona kwa sababu ya turubai na Mungu. Injini haikupona. Konrodi mbili, ile mikono ya chuma inayoshika pistoni, zilikuwa zimepinda.

Fundi wa Isiolo, mtu wa jua kali asiye na hata kiti cha kungojea, aliinama, akafungua plastiki ya ndani ya madigadi, akaingiza kidole gumba chote kwenye mwanya ulioko kati ya snokeli na kasha la chujio la hewa. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hii si snokeli. Hii ni filimbi."

Nikaipigia simu ile gereji ya Nairobi. Mnajua walichonijibu? "Sisi tulifunga snokeli. Hatukukuambia uingie mtoni."

Sasa hebu tuongee.

Snokeli haizuii maji. Rudia nami: snokeli haizuii maji. Kinachozuia maji ni njia nzima ya hewa kuzibwa kuanzia mdomo wa juu hadi kwenye silinda: kiwiko, mpira wa kuunganishia, kasha la chujio, mfuniko wake, na bomba la kwenda kwenye injini. Ukiacha mwanya mmoja chini, lile bomba la juu halina maana yoyote. Ni sawa na kuweka nenosiri la herufi 20 kwenye ukurasa wa kuingilia halafu hifadhidata yenyewe umeiacha wazi kwenye intaneti. Mwizi hapiti pale ulipoweka kufuli.

Na injini haivuti hewa kwa upole. Piga hesabu mwenyewe. 1HZ ina ujazo wa takriban lita 4.2, na kila mizunguko miwili inajaza hewa mara moja. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya lita 6,000 za hewa kila dakika. Mapipa 30 ya lita 200! Ukiweka mdomo wenye nguvu hiyo ndani ya madigadi yaliyojaa maji, unadhani utavuta nini?

Hesabu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Silinda moja ya injini hiyo ina ujazo wa karibu mililita 694. Pistoni ikipanda hadi juu, hewa yote hiyo inabanwa takriban mara 22, kwa hiyo nafasi inayobaki ni kama mililita 33. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Maji yakizidi vijiko viwili ndani ya silinda, pistoni inagonga kitu kigumu kama jiwe, na kwa kuwa kichwa cha injini hakiwezi kuruka, konrodi ndiyo inayopinda. Sikuhitaji mto kuua injini. Kikombe cha kahawa cha ile gereji kingetosha.

Sasa nisikilize pingamizi zenu, maana nazijua.

"Lakini mbona magari ya Safari Rally yalikuwa nazo?" Kweli kabisa. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ziliendeshwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunazikumbuka zile Subaru zenye bomba mlangoni mwa dirisha. Hapo ndipo wengi wetu tulipolipenda hilo bomba. Lakini nyuma ya bomba lile kulikuwa na timu ya mafundi iliyoziba kila kiungo na kukikagua. Sisi tumenakili bomba, tukaacha kazi.

"Snokeli ni ya vumbi, si ya maji." Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote na naiheshimu. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya murram, hewa ya juu ni safi kuliko ile ya karibu na gurudumu. Lakini fikiria: mwanya unaoingiza maji unaingiza vumbi pia. Ukiwa baada ya chujio, vumbi hilo halichujwi na kitu chochote. Linakwenda moja kwa moja kusaga pistoni na kuta za silinda. Tofauti ni kwamba maji yanaua kwa sekunde moja, na vumbi linaua kwa miaka miwili huku wewe ukilaumu oili. Kwa hiyo hata kwa vumbi, snokeli isiyozibwa ni pambo.

"Mimi nimevuka mito miaka 10 na sijapata shida." Hongera. Programu zangu nyingi pia hufanya kazi vizuri hadi siku mteja anapozitumia.

Na kama unadhani bomba ndilo siri, angalia watengenezaji wenyewe. Ford wanasema Ranger inaweza kupita kwenye maji ya milimita 800. Toyota wanaipa Hilux milimita 700. Ranger hiyo inatoka kiwandani bila snokeli yoyote! Wameinua mdomo wa hewa na kuziba njia yake, basi. Wewe unaweza kutoboa madigadi yako, ukafunga bomba, ukaacha mwanya, na ukawa umeishusha gari yako chini ya pale kiwanda kilipoiacha. Umelipa ili uharibiwe.

Kwa hiyo natoa wito kwa kila msomaji mwenye gari la porini: usilipe hata shilingi kabla hujaona jaribio. Sisi watu wa programu tulijifunza jambo hili kwa machozi. Kazi isiyojaribiwa haijakwisha. Jaribio lenyewe halihitaji mashine ya mamilioni:

1. Kwa dizeli ya zamani isiyo na turbo kama yangu, washa injini uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Mtu apande aufunike mdomo wa snokeli kwa kipande cha mpira bapa. Asitumie kiganja. Injini inapaswa kusongwa na kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na hapo ndipo maji yatakapoingia.

2. Kwa injini mpya zenye turbo na kompyuta, mwambie fundi apitishe moshi wa presha ndogo kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa. Moshi ukichungulia, mwanya umepatikana.

3. Fungua kasha la chujio utazame chini yake. Makasha mengi yana kimdomo cha mpira cha kutolea maji na vumbi. Kikiwa kimepasuka au kimeng'oka, una mlango wazi. Mimi changu hakikuwapo kabisa.

4. Pitisha kidole baada ya chujio, upande wa injini. Ukipata vumbi, usisubiri mto.

Na msidhani maji yanaingia kwa mlango mmoja. Difu na giaboksi zina mirija midogo ya kupumua. Ukiendesha, difu inapata moto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyomo inasinyaa ghafla na kuvuta. Mrija ukiwa chini au umezibwa na tope, yatavutwa maji kupitia sili. Siku utakapomwaga oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, utajua. Mirija hiyo inarefushwa kwa mpira wa bei ndogo kabisa hadi juu kwenye boneti. Gereji yangu haikuitaja. Mpira wa bei ndogo haupendezi kwenye picha.

Tope nalo lina ujanja wake. Linakauka kwenye redieta, hewa haipiti, injini inachemka kesho yake ukiwa umeshasahau laga. Ioshe kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Yule kijana mwenye mashine ya presha umwombe aikae mbali na plagi za nyaya, alteneta na mdomo wa hewa. Kuna magari yaliyovuka mito salama yakazama kwenye kuoshwa.

Na injini ikizimika ndani ya maji, tafadhali, kwa jina la konrodi zangu, USIPIGE STATA. Vuta gari nje. Fungua chujio utazame kama limelowa. Kama limelowa, fundi atoe nozeli au plagi za kupasha moto, ndipo injini izungushwe ili maji yatoke kwa hayo matundu. Oili ibadilishwe kabla ya kuwasha. Hayo yangeniokolea injini yangu.

La mwisho, na hapa sitanii. Hata snokeli iliyozibwa vizuri kuliko zote haigeuzi gari kuwa mashua. Desemba 2021 basi lilisombwa na mto Enziu kule Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Watazamaji walikuwa wamejaa ukingoni. Maji yenye kasi hayahitaji kufika kwenye injini. Yanabeba gari zima pamoja na bomba lake. Mto ukivuma, chemsha chai ungoje.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa wa kidole gumba, sasa najenga injini. Fundi wa Isiolo ndiye anayeifunga, na mara hii nitakuwa pale mwenyewe na kipande changu cha mpira.

Na wewe mwenye bomba jeusi, kabla hujaanza kunitukana kwenye maoni, nenda nje kwanza. Washa gari. Ziba mdomo. Kisha urudi uniambie kama limezimika.