Mshono wa Bomba Kwenye Joto Kali

Bomba la mvuke lililotengenezwa kwa kukunja bamba la chuma huwa na mshono mmoja mrefu, uliochomelewa kutoka mwisho hadi mwisho. Katika joto la kawaida mshono uliochomelewa vizuri hauzidiwi nguvu na chuma kilichouzunguka. Joto likipanda sana, chuma chote huanza kuvutika polepole chini ya mzigo uleule, na baada ya miaka mingi hupasuka kwa mkazo ambao siku ya kwanza kiliubeba bila shida. Mshono ndio hutangulia. Katika vyuma vyenye kromi na molibdeni, mara nyingi udhaifu haumo ndani ya mshono wenyewe bali pembeni yake, kwenye ukanda mwembamba ambao joto la kuchomelea limebadili chembe za chuma.

Tarehe 9 Juni 1985, katika kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, nchini Marekani, bomba la mvuke uliopashwa moto mara ya pili lilichanika kwenye mshono wake wa urefu. Watu 6 walikufa. Januari 1986 bomba la kazi hiyohiyo likachanika katika kituo cha Monroe, Michigan.

Kanuni zilichelewa kujibu. Fomula ya unene wa bomba ilikuwa na kizidisho E, cha ubora wa mshono: ukipigwa eksirei wote na kuonekana safi, hupewa 1, sawasawa na bomba lisilo na mshono. Lakini eksirei huonyesha nyufa na matundu, si udhaifu utakaokuja baada ya saa 100,000 za kazi. Ndipo toleo la 2004 la ASME B31.3, kanuni ya Marekani ya mabomba ya viwandani, likaongeza kizidisho cha pili, W, cha kupungua kwa nguvu ya mshono kwenye joto kali: 1 hadi nyuzi 510 za Selsiasi, kikishuka kwa mstari ulionyooka hadi 0.5 kwenye nyuzi 815.

Mstari mmoja kwa metali zote ulikuwa mwanzo tu, tena mwanzo wa upole. Kwenye nyuzi 538 ulitoa takriban 0.95. Majedwali yaliyofuata, yaliyotenganisha aina za metali, yalivipa vyuma vya kromi na molibdeni 0.82 kwa joto hilohilo. Yaani ukuta wa bomba uongezwe unene kwa zaidi ya moja ya tano. Hapo bomba lisilo na mshono huanza kuonekana rahisi.

Mishono inayozunguka bomba huvutwa na shinikizo kwa nusu tu ya mkazo unaoupata mshono wa urefu. Hata hivyo uzito wa bomba na kutanuka kwake huongeza mkazo, na hapo kanuni imemwachia msanifu uamuzi. Ni mwanya mkubwa mno.

Mitambo mingi iliyosanifiwa kabla ya 2004 bado inafanya kazi. Wenye kuiendesha juu ya nyuzi 510 wafungue michoro, watafute mabomba yenye mshono wa urefu, na wakokotoe unene upya.